Jinsi ya kupanda treni ya Pugu asubuhi na kufika kazini na vifungo vyako vyote

Kila mtu atakufundisha kuingia kwenye treni. Utaambiwa wahi, simama mbele, tanguliza bega, usione haya. Sawa, kuingia utaingia, hata ukisimama tu pale mlangoni bila kufanya chochote nyomi la nyuma litakuingiza lenyewe. Mtihani uko kwenye kushuka. Mi mara ya kwanza kabisa nilipandia Gongo la Mboto naenda Karakata kumsalimia shangazi, yani vituo vichache tu hapo, nikaona katikati ya behewa kuna kaupenyo nikajichimbia huko, nikashika bomba, raha mstarehe. Karakata ikafika nikasema naomba kupita. Kimya. Nikasema tena kwa sauti, mzee mmoja akanijibu bila hata kugeuka, "Upite uende wapi mwanangu, mbona wote tuko hapahapa." Nilishukia Kamata, karibu kabisa na mjini. Chai ya shangazi niliikuta imeshapoa na yeye mwenyewe kashaenda sokoni.

Kwahiyo mi maelekezo yangu yanaanzia mwisho. Kwanza ujue unashukaje, ndo tuje kwenye kupanda.

Ila kabla ya hapo, kwa mgeni wa jiji la Dar es Salaam. Hii ni ile treni ya mjini ambayo watu wengi mpaka leo wanaiita treni ya Mwakyembe, kwa sababu ilianza Oktoba 2012 yeye akiwa Waziri wa Uchukuzi. Wakati huo zilianza mbili kwa mpigo, moja ya reli ya kati kutoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA, ile reli ya Zambia, kwenda Mwakanga, hii ya Pugu ikaja baadae. Usiichanganye na SGR. SGR ni ile ya umeme iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 kwenda Morogoro, na yenyewe pia ina stesheni Pugu, kwahiyo ukimwambia bodaboda "nipeleke stesheni Pugu" halafu ukakaa kimya unaweza kushushwa kwenye jengo zuri lenye vioo huku treni yako inapiga honi upande mwingine kabisa. Sema treni ya zamani, au sema treni ya mjini, atakuelewa.

Haya, kushuka.

Ukiwa bado uko nyumbani jiulize unashukia wapi na baada yako kuna vituo vingapi. Kama unaenda mwisho wa safari, yani mjini, hapo we ingia ndani kabisa ya behewa, nenda katikati, egemea, sinzia kama unaweza, maana mwisho wanashuka wote na hutapigana na mtu. Kama unashukia njiani, Banana, Karakata, Vingunguti huko, usikubali kusukumwa katikati hata wakikuita majina. Watakwambia "kaka sogea kati, kati kweupe", we waambie nashukia hapo mbele, halafu ukiwa unasema hivyo shika kitu. Unachotaka ni ukutani karibu na mlango, sio mlangoni penyewe. Anayesimama mlangoni penyewe kila kituo anateremshwa na wanaoshuka kisha anaanza upya kugombania kama ndo kwanza anafika. Hatua moja na nusu kutoka mlangoni, mgongo kwenye ubao wa behewa, hapo ndo penyewe.

Halafu kuna suala la upande. Watu wanasahau kwamba kituo kinaweza kuwa kulia na kinachofuata kikawa kushoto, kwahiyo unakaa mlango wa kushoto safari nzima kama mlinzi, mkifika watu wanashukia wa kulia na katikati yenu kuna ukuta wa watu. Muulize anayepanda kila siku, "eti Karakata tunashukia upande gani?" Swali la sekunde mbili, watu wanajibu vizuri tu, Dar tunapenda kuelekeza.

Na siri kubwa kuliko zote ni kuuliza majirani zako wanashukia wapi, mapema, sio mkishafika. Kituo kimoja kabla. Unamwambia mama aliye mbele yako, "Shikamoo mama, unashukia hapo?" Anakwambia "Marahaba baba, mi naenda mwisho." "Basi tubadilishane nafasi mama, mi nashuka." Mnazungushana taratibu kama mnacheza ngoma, yeye anapata ndani ambako ni kuzuri kwake, we unapata mlango. Ukifanya hivyo mara mbili tayari umeshafika mlangoni na hujamkanyaga mtu. Ukingoja treni isimame ndo uanze "naomba kupita naomba kupita", hapo kuna watu arobaini nje wanaotaka kuingia kwa mlango huohuo na hamna hata mmoja anayejua kwamba we ni mtu mwenye shangazi.

Sasa kupanda. Ukifika kituoni utaona watu wamerundikana sehemu moja, na ukichunguza sababu yake utacheka: ni pale njia ya kutokea mtaani inapoingilia, au kwenye kivuli, au karibu na anayeuza vitumbua. Treni ikisimama, behewa lililoangukia hapo linapasuka kwa watu na la mbali kidogo watu wanasimama kwa nafasi zao. Tembea. Hatua mia tu za ziada, nenda kuelekea mkia wa treni au mbele kabisa kwenye behewa linalofuata kichwa. Lile la mbele lina kelele na moshi wa dizeli unaingia kidogo dirishani, ndo maana wengi hawalipendi, na ndo maana mi nalipenda. Ila angalia na kule unakoshukia pia, kama njia ya kutokea iko nyuma na we uko behewa la mbele utatembea kwenye kokoto umbali mrefu, kwa mwenye viatu virefu hiyo ni adhabu.

Treni ikisimama usikimbilie mlango unaouona mbele yako, angalia mlango upi watu WANASHUKA. Mlango wanaoshuka watano una nafasi tano. Mlango ambao hashuki mtu una nafasi za wabishi tu. Simama pembeni ya mlango, kushoto au kulia, uwaache washuke, halafu ingia nyuma ya wa mwisho anayeshuka kabla nafasi haijajaa. Anayesimama katikati ya mlango akiwazuia wanaoshuka anajizuia mwenyewe, hii nayo sijui kwanini watu wazima hatuielewi mpaka leo. Na kwenye vituo vingine ngazi ya kwanza iko juu, kwahiyo mkono mmoja uwe wazi wa kushika bomba. Mmoja wazi kabisa, sio wenye simu na nauli na andazi.

Nauli iwe imeshahesabiwa na iko mfuko wa mbele. Ilivyoanza ile 2012 ilikuwa 400 ya Ubungo na 500 ya TAZARA, saivi uliza bei ya siku hiyo uwe na chenji kamili, kwa sababu kutafuta pochi kwenye mbanano ni kuwaonyesha vibaka pochi inakokaa. Begi livae mbele kifuani kama mama aliyebeba mtoto. Simu iingie ndani ya begi kabla treni haijafika na isitoke mpaka ushuke. Najua utasema mi naweza kuishika mkononi, na mi nilikuwa nasema hivyohivyo, nilikuwa na smatifoni yangu mpya nasikiliza taarabu kwa visikilizio, wimbo ukakatika, nikadhani chaji imeisha. Waya wa visikilizio ulikuwa unaning'inia peke yake. Aliyeichukua sijui hata alishukia wapi.

Shati la kazini kunja uweke kwenye mfuko, vaa tisheti, ukifika badilisha chooni ofisini. Hii nilifundishwa na jamaa mmoja mhasibu, yeye mpaka viatu anabeba, anapanda na makubazi. Alikuwa anachekwa. Sasa hivi behewa letu wako kama sita wanaofanya hivyo.

Dada zangu, na nyie wanaume wenzangu msikilize pia. Mbanano una watu wanaoutumia vibaya, tunawajua, na ile ya "samahani nimesukumwa" tunaijua pia. Kama unaweza simama na wanawake wenzako, mgongo kwenye ubao, begi mbele. Akikugusa usinong'one na usimwangalie tu kwa jicho baya, sema kwa sauti ya kusikika behewa zima, "Kaka toa mkono wako!" Mtaje na rangi ya shati. Behewa la Dar likishasikia hivyo halihitaji mkutano, atashuka kituo kinachofuata hata kama nauli yake ni ya mwisho. Na wewe uliyesimama jirani ukasikia, usigeukie dirishani kama hujasikia.

Nije kwenye hili la treni kuja au kutokuja, maana ndo linalofukuzisha watu kazi.

Ni vizuri ujue kwanini inachelewa ili uache kukasirika ovyo na uanze kupanga. Reli hii ya kati ni ya mita moja, njia moja, Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar mwaka 1905. Njia moja maana yake treni mbili zinazokuja uso kwa uso lazima moja iingie pembeni kwenye stesheni yenye njia ya kupishania ingoje mwenzake apite. Na humo humo zinapita za mizigo na za abiria wa bara wanaoenda Kigoma na Mwanza. Kwahiyo ya mizigo ikichelewa huko Ruvu, mtu wa Gongo la Mboto anachelewa kazini wakati yeye na mizigo hata hawajuani.

Halafu kuna hili ambalo watu hawaliweki kwenye hesabu: mbanano wenyewe ndo unachelewesha. Tuseme kila kituo treni inatakiwa isimame dakika moja, lakini kwa kugombania mlangoni inasimama moja na nusu. Vituo kumi, umeshapoteza dakika tano. Na katika hizo dakika tano vituo vya mbele watu wanaendelea kumiminika, kwahiyo ikifika inakuta watu wengi zaidi, inasimama dakika mbili, inazidi kuchelewa, inakuta wengi zaidi tena. Ndo maana siku treni ikiwa imechelewa ndo siku hiyohiyo imejaa kupita kiasi. Watu wanaona ni balaa mbili kumbe ni moja. Kwahiyo yule anayeng'ang'ania mlangoni nusu dakika ili aingie yeye tu, kawaongezea mzigo watu wa Vingunguti ambao hata hajawaona.

Mtu atasema si waongeze mabehewa. Waongeze, na mi nataka, lakini ujue jiji hili lina reli za vipimo vitatu tofauti, ya kati ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, SGR ni 1,435. Ile tofauti ya ya kati na TAZARA ni kama upana wa vidole vinne tu vya mkono, lakini inatosha behewa la huku lisiweze kukanyaga reli ya kule. Kwahiyo kule kukiwa na mabehewa yamelala, huku hayaazimwi kirahisi kama sufuria. Na watu tunazidi kuongezeka, sensa ya 2002 Dar ilikuwa na watu kama milioni 2.5, 2012 wakawa milioni 4.36, 2022 wakawa milioni 5.38, na wengi wa hao wapya wamejenga huku kwetu pembezoni ambako kiwanja kilikuwa bei rahisi, mi mwenyewe nikiwemo kwahiyo sina wa kumlaumu.

Sasa cha kufanya. Usitegemee ratiba ya kuambiwa, tengeneza yako. Chukua simu yako, kwenye sehemu ya kuandika kumbukumbu, kila asubuhi siku za kazi andika treni imefika kituo chako saa ngapi. Wiki mbili tu, siku kumi. Tuseme umepata hivi: siku saba imekuja kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 12 na nusu, siku mbili saa 12 na dakika 45, siku moja haikutokea kabisa. Watu wengi wanapanga maisha kwa zile siku saba, halafu zile tatu zinawaumbua. We panga kwa ile ya saa 12 na dakika 45. Hesabu kutoka hapo mpaka mlangoni kwa bosi, ongeza kutembea kutoka Kamata kuingia Kariakoo, kama unafika ndani ya muda basi treni inakufaa, kama hufiki basi treni hiyo sio yako, chukua ya kabla yake au kaa na daladala. Na ile siku moja isiyotokea uwe na hela yake pembeni, ya daladala na ikibidi ya boda, usiiguse kwa chipsi.

Weka saa ya kukata tamaa pia. Ya kwangu ni dakika 20. Ikishapita dakika 20 baada ya muda wake wa kuchelewa wa kawaida, naondoka naenda barabarani, sigeuki. Kuna ugonjwa wa kusema "nimeshangoja nusu saa nikiondoka sasa ndo itakuja", huo ugonjwa umenikalisha kituoni mpaka saa 2 na kitu. Ikija ukiwa umeshaondoka, ije. Na ujue hata barabarani Nyerere Road sio pepo, foleni yake ina tabia zake, kwahiyo uamuzi ufanye mapema, kabla nyomi zima la kituoni halijaamua kama wewe na kuhamia daladala kwa pamoja.

Dalili za treni kuja usiangalie reli, muangalie mama wa vitumbua. Yule wa kituo changu, treni ikiwa mbali anageuza kimojakimoja, anapiga stori, anapuliza moto. Ukiona ghafla anatoa vyote kwenye chuma kwa mkupuo na anachana magazeti ya kufungia kabla hata hajaagizwa, anza kutembea kuelekea mkia wa kituo. Sijui anasikia nini, mi honi naisikia baada yake kila siku.

Siku za mvua za masika, ile ya Machi mpaka Mei, toa treni kwenye akili kama mvua imepiga usiku kucha. Barabara nazo zitakuwa maji, lakini daladala inaweza kuchepuka, treni haichepuki. Ikija shukuru, panda.

Hatari fupifupi: usining'inie mlangoni hata kama washkaji wanafanya, nguzo na miti ya pembeni haina taarifa na kichwa chako. Treni ikisimama katikati ya njia usiruke, pale ni juu kuliko unavyoona na chini ni kokoto, wengi wanateguka mguu hapo na treni inaondoka dakika tatu baadae. Ukishuka usipite chini ya viungio vya mabehewa kukatiza upande wa pili, ngoja iondoke. Na usikatize mbele ya kichwa, hiyo sio bajaji, dereva akikuona na kushika breki bado itakupitia.

Jioni ni treni nyingine kabisa japo ni hiyohiyo. Asubuhi watu wanabeba mabegi, jioni wanabeba nyumba, magunia ya viazi, mashuka ya mnada, ndoo. Juzi nilisimama karibu na mama katoka soko la samaki la Feri na ndoo ya vibua, kafunika na mfuko wa rambo, treni ikipinda maji ya samaki yanamwagika kidogo kwenye kiatu changu, ikinyooka anasema "samahani baba", ikipinda tena. Tumefika Banana soksi zimelowa na mi nimeshajua bei ya vibua, kichwa cha mwanae wa mwisho kinavyouma, na kwanini hapandi daladala (makonda wanamkataa na ndoo). Kwahiyo jioni makubazi tena, na ndoo zikae upande wa kushukia, chini kwenye kona ya behewa, wenye ndoo wenyewe wanajua, wapishe.

Jioni hesabu ya behewa inageuka pia. Mjini ndo mwanzo kwahiyo ukiwahi unapata siti, lakini kama unashukia Karakata siti ya katikati ni mtego uleule wa shangazi yangu, kaa siti ya karibu na mlango au simama tu. Giza likishaingia vituo hesabu kwa vidole, kwa sababu dirishani huoni jina la kituo kwa vichwa vya watu, mi nahesabu kutoka Vingunguti na bado huwa namuuliza jirani kuhakikisha.

Ukishuka Gongo la Mboto usiku bodaboda watakuwa wamejipanga karibu na reli wanaita "anko twende, anko". Hao wa pale wana bei ya watu wa treni. Pita, waambie nafika hapo tu, vuka mpaka barabarani kwenye taa kwenye watu, kama hatua mia mbili hivi, halafu ndo uulize wa huko.